Mwandiko wa Bwana Ussi bin Mfaume

Siku ya tano ya Mfungo Mosi, mwaka huu wa 1916, Bwana Ussi bin Mfaume anaweka kalamu chini baada ya kulitumikia jarida letu la Mkeka kwa miaka ishirini na miwili. Macho hayamruhusu tena.

Alianza nalo hapa kisiwani Chole lilipokuwa karatasi nne tu za mashairi na michoro ya nakshi za milango. Mtambo wa kupigia chapa hatukuwa nao, wala leo hatunao. Kila toleo alilinakili kwa mkono mara kumi, kwa herufi za Kiarabu, nakala zikafika Juani na Kirongwe. Kwenye vina alikuwa mkali. Bi Jokha, mtunzi wetu hodari, alirudishiwa shairi moja mara tano, mara ya sita akalipeleka pamoja na pweza. Bwana Ussi alimla pweza, shairi akalirudisha.

Mwaka 1905 vita viliwaka bara, huko Rufiji, na serikali ya Wadachi ikawa inashuku kila karatasi. Toleo letu lilikuwa na shairi lisilo na jina la mtunzi, la kumcheka msimamizi wa shamba na kiboko chake. Askari walizoa nakala zote. Tulisikia kwamba bara watu wananyongwa kwa maneno machache kuliko hayo. Kila kishindo cha viatu kilichopita barazani nilidhani kinanijia mimi.

Mtunzi hawakumjua, ila mwandiko ulijulikana kisiwa kizima. Bwana Ussi aliitwa bomani, nasi tukasimama nje ya mlango uliokuwa wazi. Mkalimani alimwuliza mara tatu nani katunga. Alijibu kwa sauti ndogo:

"Mwandiko ni wangu. Sina jina jingine la kukupeni."

Alichapwa viboko ishirini na vitano, akafungwa siku arobaini. Siku zote hizo nililala na nguo zangu za kutokea, nikingoja anitaje. Hakunitaja. Alipofunguliwa aliomba wino, akauliza toleo lijalo lina kurasa ngapi.

Wadachi wameondoka, wamekuja wengine, na bado naandika haya kwa hofu. Shairi lile nililitunga mimi, Shaibu bin Awadh, mhariri wa jarida hili. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nikanyamaza. Hajaniuliza sababu mpaka leo.

Ahsante, Bwana Ussi. Mola akujaalie uzee wa raha, na mtu wa kukusomea kila alasiri. Ukiniridhia, nitakuja mimi.