Kipimo Hakikuona Kitu

Kwenye treni, hakimu aliyetoka mafunzoni alikuwa akimsimulia mama mshonaji kesi za madereva walevi. "Kumbe mtu hulewa hata dawa za usingizi, na kipimo cha pombe kisione kitu."

"Aliyemgonga mdogo wangu alikuwa amekunywa hizo hizo. Akaachiwa, eti kipimo ni safi."

"Pole sana, mama. Hakimu mwenzangu aliyemwachia hakuwa amefundishwa hayo."

"Mashahidi walimwona akipepesuka, mheshimiwa! Hilo nalo lina darasa?"

"Labda hata mimi ningemwachia," akasema hakimu.

Treni ikasimama. Mama akabeba mfuko wake. "Basi someni, baba. Someni upesi."