Kijiko Ndani ya Mashine

Nyinyi wa nyuma, wekeni simu chini. Mimi sijaenda shule, sina karatasi ya kusoma, mkinipoteza naanza upya na chai itapoa.

Ndugu zangu, mnajua vile naiga watu. Mwenyekiti wetu wa chama akikohoa, mnageuka kuangalia ni yeye ama ni mimi. Lakini kuna sauti moja niliacha kuiga, hata hamkuuliza.

Nilikuwa nafanya kazi ya nyumba hapa mtaa wa Umoja, kwa watu fulani waliotoka magharibi ya nchi. Mama yao mzee alikuwa kitandani, tunamwita Kukhu, vile kwao wanaita nyanya. Kiharusi kilimnyang'anya sauti, kikamwachia kanong'ono. Akitaka kitu anagonga kikombe na kijiko, kling, kling. Mimi naitika, "Nakuja, Kukhu." Nikifika ananiambia, "Umechelewa. Ulikuwa unaolewa?" Mimi na hii mvi yote. Tulicheka mpaka chai inamwagika kwa blanketi.

Siku moja wageni walikuwa wanakuja, nikaambiwa nisafishe kapeti na vakyum. Mnaijua hiyo mashine ya kufyonza vumbi. Ile yao ilikuwa inanguruma hadi madirisha yanatetemeka, na mkono wake mfupi, nainama kama natafuta shilingi imeanguka. Nikafanya kapeti yote. Nikazima. Nyumba ikanyamaza.

Nikampelekea chai. Kukhu alikuwa ameaga. Kijiko kiko mkononi, na kikombe kimemeguka mdomo.

Aligonga mpaka kikameguka, ndugu zangu. Mimi niko upande wa pili wa ukuta nasukuma mashine.

Daktari akasema hata ningesikia, hangepona. Binti yake, vile hapa mjini wanaita bibi, akanishika mkono, "Shosho, usijibebeshe lawama." Sawa. Lakini mimi sikuwa nataka kumponya. Nilikuwa nataka kumwitikia.

Tangu hapo kila mashine ikawa na kijiko ndani. Blenda ya jirani, kling. Posho mill ya kusaga unga, kling. Nasimama katikati ya barabara naitika, "Nakuja," watu wananipisha. Kazi nikaacha. Kuiga nikaacha pia, kwa sababu nikifungua mdomo nilikuwa naogopa ni nani atatoka.

Sasa huyu mwenyekiti, na hiyo sauti yake ya kuuza samaki, akanijia: "Wewe, vaa viatu. Kuna binti huko viwandani Industrial Area anaunda vakyum, anataka wamama wanaosafisha nyumba waijaribu." Nikakataa. Akanivalisha viatu yeye mwenyewe.

Binti anaongea mbio hivi: "Shosho, niaje, usijali, hii bado tunajaribu. Niambie tu, mashine poa kwako ni ile inafanya nini?"

Nikamwambia, "Ni ile inaniacha nisikie kijiko."

Hakucheka. Aliuliza kijiko gani, nikamwambia yote, na mwenyekiti kando yangu akisikia kwa mara ya kwanza.

Mara ya kwanza alipoiwasha nilitoka nje, nikashikilia ukuta. Tukarudi tena, na tena. Akazungushia mota sponji, akaikalisha juu ya mpira. Mkono wa kushikia akaurefusha mpaka nikasimama wima, mgongo hauniulizi kitu. Halafu siku moja akaniambia, "Shosho, piga hii kapeti yote, usisimame."

Nikapiga. Mashine inapumua tu, kama mtu amelala. Katikati ya kapeti nikasikia kling, kling.

Nikadhani ni ile ya kichwani. Lakini hii ilikuwa na upande. Ilikuwa inatoka mlango wa kushoto.

Nikazima. Nikasema, "Nakuja, Kukhu." Nikaingia. Ni mwenyekiti, binti amemweka hapo agonge, amekaa na kikombe na kijiko, macho yamejaa machozi. Na mimi mdomo ukafunguka wenyewe, ikatoka ile sauti ya Kukhu, hivi, mnisikie vizuri: *Umechelewa. Ulikuwa unaolewa?*

Binti akaja, tukakaa chini sisi wote watatu.

Asante binti, ulikaa na kijiko changu bila kunicheka. Asante mwenyekiti, hata kwa viatu ulivyonivalisha, cha kulia mguu wa kushoto. Na nyinyi wenye mgonjwa nyumbani, nawaambia, hata kama mashine yako ni ya kimya, zima katikati ya kazi. Nenda mlangoni. Uliza.

Mimi kijiko bado nakisikia, siwadanganyi. Tofauti ni kwamba siku hizi naenda kuangalia.

Kama sasa. Kuna mtu amegonga kikombe huko nyuma. Mmesikia, ama ni mimi tu?

Haya. Nakuja.