Dreva Asiye na Gari

Akina mama wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi mnanijua, mimi ni fundi wa mitandao wa zahanati za huku milimani. Kila zahanati ina swichi, kile kiboksi cha matundu ambamo nyaya zote za kompyuta zinakutana. Mipangilio ikitakiwa kubadilishwa, nilikuwa napanda kituo hadi kituo, laptop mgongoni.

Siku moja natoka zahanati ya Mlola, mvua inanyesha, nikateleza na kushuka na matuta ya kabichi mpaka chini. Laptop ikapona. Mguu ukavunjika. Bosi akasema vituo vyote vibadilishwe kabla mwezi haujaisha, la sivyo anatafuta fundi mwenye miguu.

Ndugu zangu, nililia. Rafiki yangu, fundi kama mimi, akanipigia simu. "Kwani lazima uende? Kuna maktaba ya Python." Yaani maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa tayari, unayatumia umelala. Kila aina ya swichi ina lugha yake, na humo mna kipande cha kuitafsiri. Kinaitwa dreva.

Hapo ndipo nusura nivunje na ndoa. Mume wangu yuko Muheza kwenye biashara ya machungwa, mama mkwe ananiuguza, mimi nashangilia kwenye simu na rafiki yangu yule: "Dreva wa kwanza alinisumbua, lakini huyu wa leo kaingia mara moja! Kesho namjaribu mwingine."

Mama akaacha uji ukiungua. Nikamsikia akimpigia mwanawe simu na kumwambia kwa Kishambaa, kwa kunong'ona. Nawaambia, mama yule hajui kunong'ona!

Jioni mume akaingia, hata salamu hakuna. "Dreva yuko wapi?"

"Yumo kwenye laptop."

Mama akachungulia nyuma ya laptop.

Nikawaonyesha. Maktaba ile inakuonyesha kwanza kitakachobadilika, ndipo ukubali. Mume akasoma mstari kwa mstari, akitafuta jina la mwanamume. Nikabonyeza. Tukampigia nesi wa Mlola.

"Mtandao vipi?"

"Upo vizuri. Kumbe umeshafika?"

Mama akacheka mpaka akajitupa kitandani, juu ya mguu mbovu. Mayowe yangu yalisikika hadi kijiji cha Kwai.

Vituo vyote vikakamilika, na kazi ninayo. Namshukuru rafiki yangu, na mume wangu aliyeuliza kabla ya kufoka. Na mama, yule pale nyuma anayejifunika kanga. Shikamoo, mama.

Mkikwama, ulizeni. Huenda kuna mtu alishaandika jibu akaliacha wazi, wengine watumie. Ila mkishalipata, waambieni wa nyumbani ni dreva wa nini.