Betri Iliyo Chini ya Meza ya Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, mzee Salmini,
Wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mliopanda juu ya mikorosho:

KARIBU

Sisi akina mama tumefurahi kwamba umekuja kuona umeme wa jua ulivyotuletea usawa. Tulianza kufurahi asubuhi, saa uliyotarajiwa. Sasa jua linazama na furaha imeteremkia miguuni. Wimbo wako tumeuimbia kila gari, hata lori la mnunuzi wa korosho, na dereva alitupungia mkono. Shikamoo yako tumeipokea ingawa hujaitoa. Marahaba.

HISTORIA

Tangu soko huria liingie, huku juu Newala tumepata mitumba, wanunuzi wa korosho na wafadhili. Hao wa mwisho walitupa kioo cha umeme wa jua, betri na taa kwa chumba cha kuzalia cha zahanati. Nesi wetu Rose alikuwa akizalisha huku tochi ikiwa mdomoni. Akitaka kusema "sukuma", linatoka "mmmh".

Ikaundwa Kamati ya Umeme na Jinsia. Wajumbe wote wanaume. Upande wa jinsia tuliwakilishwa na mzee Nurdini, kwa kuwa ana wake wawili.

Vumbi letu unalijua, limo kwenye suti yako. Kioo kikafunikwa, taa ikafifia. Kamati ikaamua: kupanda paa ni kazi ya wanaume, kufuta vumbi ni kazi ya wanawake. Basi aliyeruhusiwa kupanda hafuti, na mwenye kufuta hapandi. Tochi ikarudi mdomoni.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni suruali.

Mwenzetu Dorika, Mama Julia, alikuwa na binti mwenye mimba ya kwanza, na ile tochi alikuwa akiiota. Asubuhi moja alimtangulia mumewe kuamka, akavaa suruali yake, akachukua kopo la maji aliyoyapandisha mwenyewe toka bondeni, akapanda. Lakini alipofika juu hakuona cha kiume chochote, ila mjusi. Akafuta.

"Mama Julia, shuka, unatutia aibu!" Mwenyekiti akapaza sauti.

"Nashuka, baba. Sogea kwanza, maji machafu hayo."

Mumewe, Yeremia, hakuonekana mpaka jioni. Watu wakamwuliza mlangoni kama amekasirika. Akajibu toka ndani, "Sijakasirika. Nasubiri nguo."

Tangu siku hiyo tunapanda kwa zamu. Suruali ni ile ile.

MATATIZO

Tatizo ni betri. Taa imepigiliwa ukutani, haina pa kwenda, lakini betri ina marafiki. Kukiwa na mpira, inaitwa redioni. Kukiwa na harusi, inaitwa kwenye muziki. Leo imeitwa kwenye kipaza sauti chako, na tuliahidiwa itarudi adhuhuri.

Haya yanayofuata tumeyaongeza kwa penseli sasa hivi. Julia ameshikwa uchungu tangu mchana. Rose anasema mtoto amekaa vizuri, kinachokosekana ni mwanga. Kama mambo yataharibika, hospitali ya Mkomaindo ni mbali, na gari lililopo hapa ni lako tu.

Mwenyekiti amemwambia Dorika, "Subiri mgeni ahutubie kwanza."

Dorika akamwuliza, "Nikamwambie mtoto?"

 

MAOMBI

Tulikuwa na maombi marefu: maji, barabara, na nusu ya viti vya Kamati viwe vya akina mama, hata wasio na wake wawili. Hayo tutakukumbusha ukiwa unakula. La sasa ni dogo.

Betri iko chini ya meza yako. Huyo mwenye suruali nyuma ya kiti chako si mlinzi, ni Dorika. Kipaza sauti kitakatika, usishtuke. Utahutubia kwa mdomo wako kama sisi tulivyozoea. Na katikati ya hotuba ukisikia vigelegele, tusamehe, havitakuwa vyako.

Mungu akuzidishie pumzi wewe, amzidishie Julia nguvu, na Yeremia ampe suruali ya pili.

Inua miguu, baba. Mama Julia, vuta.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Tutapanda Wenyewe.
Msomaji: Bi Zabibu.