Mama Dakika, Muuguzi Aliyelisahihisha Daftari

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, jukumu la kuwasomea safari ya dada yetu, na mwenyewe aliniagiza mapema nisiisome kinyonge, kwa hiyo nitajitahidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Dakika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkulima wa mboga, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza sekondari 1976, na tarehe 28 Novemba 1980 akahitimu chuo cha uuguzi akiwa wa pili darasani, jambo lililomuudhi maisha yake yote.

Alianza kazi wodi ya wazazi Januari 1981, akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, tarehe 6 Desemba 1984, wakajaliwa mabinti mapacha na mtoto wa kiume, na tarehe 1 Julai 1989 akahamishiwa idara ya dharura ya hospitali kuu, alikokaa mpaka anastaafu 2018.

Septemba 2007, mwalimu mmoja kijana aliletwa na mama yake, hajalala siku tano na anasema amechoka kuishi, akakalishwa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, kwa kuwa wauguzi wawili wa zamu walikuwa na majeruhi wa ajali, na alasiri akatoka bila kuonekana, akakutwa amesimama relini, mzima kwa bahati tu. Mwalimu yule alitibiwa akarudi darasani, lakini dada hakutulia, akaenda kuomba wauguzi wa afya ya akili, na mganga mkuu akamfungulia daftari la wagonjwa, akamwambia, "Sista, watu wako ni wawili katika kila mia, nitawaombeaje wauguzi?"

Siku hiyo alifika nyumbani, akatupa mkoba kitini, akamwambia shemeji, "Daftari linasema uongo, na mimi nitalikamata."

Aligundua kwamba aliyekunywa sumu aliandikwa sumu, aliyejikata akaandikwa jeraha, na aliyetetemeka kwa hofu akaandikwa mengineyo, basi akachora fomu ya ukurasa mmoja kwa rula, akawabembeleza wenzake wa zamu zote waandike kilichomleta kila mgonjwa hasa, na dakika alizohudumiwa. Walimcheka, wakampa lile jina, na shemeji akalalamika kwamba hata kunyoa ndevu anapimiwa, lakini waliandika, kuanzia tarehe 7 Januari hadi 17 Februari 2008, na kati ya wagonjwa 2,650, wa afya ya akili walikuwa 212, nane katika kila mia, nao walichukua saa tatu katika kila saa kumi za wauguzi, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha peke yake hata unapofuata dawa.

Tarehe 11 Machi mganga mkuu alizisoma fomu zile, akauliza, "Una uhakika na hizi dakika?" na dada akajibu, "Mkuu, njoo ukae nami zamu moja, na saa yako uje nayo." Alikuja kweli, bibi mmoja mwenye hofu akamng'ang'ania mkono wa koti kwa saa moja na dakika arobaini, na alipoachiwa alikwenda moja kwa moja kutia saini ombi. Kufikia Agosti idara ilikuwa na wauguzi wawili wa afya ya akili kila zamu na chumba tulivu chenye mlango, na kufikia 2012 fomu ya dada ilitumika katika hospitali kumi na nne.

Novemba 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, bila kuacha kuwatania wauguzi, hadi Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, alipotutoka mikononi mwa mabinti zake, akiwa na miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wauguzi wa idara ya dharura, waliotuma watu sita tu kwa sababu waliobaki wako na wagonjwa, na dada asingekubali iwe vinginevyo.

Dada yetu, umeshinda, sasa pumzika kwa amani.