Kaljo Sarapik na Swali Lake Mbele ya Kila Jiko

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Kaljo Sarapik anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuwasaidia watu wa wilaya yetu kupasha nyumba zao joto. Wenzake wa ofisi ya ushauri wameniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nilifanya kwao mafunzo ya vitendo ya shule, na kwa kuwa nyumba ya mwisho kwenye orodha yake ni ya bibi yangu.

Alianza mwaka 1987 akiwa fundi wa mabomba kwenye boila kuu la mji, mtambo unaopeleka maji ya moto majumbani. Baadaye akawa mshauri anayeitwa kabla familia haijakarabati nyumba. Watu humwonyesha vijitabu vya pampu za joto, mitambo ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Yeye hutoa mshumaa mfukoni, huuwasha na kuupitisha taratibu kando ya madirisha, akitazama mwali wa moto unayumba wapi kwa upepo. Mama mmoja mzee alidhani amekuja kubariki nyumba, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Bwana Kaljo alingoja beti zote nne ziishe, ndipo akasema, "Sasa, mama, mlango wako wa jikoni unavujisha upepo."

Agizo lake ni lilelile: ziba nyufa, vika kuta tabaka la kuzuia baridi, kisha ndipo upime ukubwa wa mtambo. Familia nyingi zimenunua pampu yenye nusu ya ukubwa ziliokusudia, na hazijatetemeka kwa baridi. Ila mbele ya kila jiko la zamani la matofali la kupashia nyumba joto, lile linalofika darini na kuwa na benchi ubavuni, huuliza kwanza, "Nani hukaa hapa?"

Bibi yangu, Leida, yuko mjini Tartu kwa shangazi tangu mwaka juzi, magoti yake yalipokataa kubeba kuni. Akipiga simu huuliza habari za nyumba kabla ya habari zetu. Aliahidi kurudi siku nyumba itakapopata joto lisilohitaji magoti yake. Baba akapanga kununua pampu kubwa na kubomoa jiko.

"Linakula nafasi, Bwana Kaljo," baba alisema siku ya ukaguzi, nyundo ikiwa tayari pembeni.

"Hata wewe unakula nafasi, Rein, na hakuna anayekuletea nyundo. Nani hukaa hapa?"

"Mama. Anapenda kuegemeza mgongo."

Bwana Kaljo akaketi kwenye benchi, akatusimulia jambo ambalo hata wenzake hawakulijua. Mwaka 1991 alibomoa jiko la mama yake mwenyewe kwa siku moja, akaweka vyuma vya joto, vile vya maji ya moto, chini ya kila dirisha. Chumba kikapata joto pembe zote. Mama yake alimshukuru, kisha akaweka kiti katikati ya sakafu, pale pale jiko lilipokuwa, na akakaa hapo kwa majira kumi na moja ya baridi.

"Nilimpa joto, nikamnyang'anya mahali pake," alisema. "Hadi leo nikiingia chumba kile, nalizunguka jiko ambalo halipo."

Baba alikwenda kurudisha nyundo ghalani.

Sasa kuta zimevikwa, na pampu ndogo nyuma ya nyumba inatosha kwa siku za kawaida. Jiko limebaki kwa ajili ya baridi kali, na kuni nitabeba mimi. Bibi alipoambiwa kwa simu, aliuliza jambo moja tu.

"Na benchi?"

"Lipo, Bibi."

"Basi mwambieni huyo mzee wa mshumaa asije na makaratasi. Aje ale."

Bwana Kaljo, asante kwa kila mlango ulioupigia magoti ukitafuta nyufa zake. Wenzako wanakutakia afya, usingizi wa asubuhi, na nyumba isiyopitisha upepo. Bibi anafika kesho, Jumamosi, kwa basi la saa tano asubuhi. Jiko nitaliwasha saa mbili, ili matofali yawe tayari. Benchi linatosha watu wawili.