Pole ya Nini?

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Mama mwenyekiti, ahsante kwa nafasi hii, ijapokuwa wajua nimeikimbia mara tatu, na leo umenifungia mlango.

Kabla sijasema neno, nina kosa la kueleza. Nilipoingia hapa, dada aliyenipokea mlangoni aliniambia, "Pole na jua," nami nikampita kimya. Nimemwona alivyomtazama mwenziwe: huyu naye kalelewa wapi? Dada, nimelelewa papa hapa Mji wa Kale, na adabu ninayo. Mtu akikupa pole, wamjibu nishapoa. Hata mtoto wa chuoni ajua. Lakini jibu hilo ndilo lililonitia shimoni. Lako nimekuwekea, nitakupa mwisho, nivumilie.

Mimi na mume wangu tulioana tukiwa vijana, na mwaka uo huo sote wawili tukapata ufadhili wa kusoma shahada ya pili Malaysia. Yeye alikwenda kusomea usimamizi wa bandari, mimi sayansi ya chakula. Mtaani ilikuwa vigelegele. Mkwe wangu alinipakia iliki, achari, na mbuzi ya kukunia nazi, chuma kitupu, sanduku likawa haliinuki. Nikamwambia, "Mama, huko nazi zimejaa." Akasema, "Nazi zimejaa, na mbuzi je?"

Tulikaa chumba kimoja na jiko lake dogo, ghorofa ya kumi na moja. Meza ilikuwa moja. Mume wangu akaipiga utepe katikati: huku kwako, huku kwangu, na kikombe chako kikivuka mpaka, chai nainywa mimi. Na wallahi alikuwa akiinywa. Asubuhi twashuka pamoja, chini ya jengo kuna mama auza wali wa nazi kwa dagaa wa pilipili. Ndio chamshakinywa yao, wali saa moja asubuhi! Jioni yeye afua, mimi napiga pasi. Ijumaa napika mahamri na mbaazi, waja wanafunzi wa kwetu, twacheka mpaka jirani agonga ukuta. Tulikuwa na raha. Nalisema hili makusudi, kwa sababu watu wapenda kusikia kwamba mume aliyekuumiza alikuwa mbaya tangu siku ya kwanza. Hapana. Huyu alikuwa akinikunia nazi.

Mwaka wa pili nikaona upande wake wa meza wazidi kuwa safi. Vitabu havisogei. Nikadhani amekuwa mtu wa mpango, nikafurahi, mjinga mimi! Jumapili moja asubuhi nakanda unga, akaja akasimama nyuma yangu, akasema, "Wameniondoa."

Somo la takwimu lilimwangusha mara mbili, chuo kikamwandikia barua ya kumtoa. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu barua hiyo. Miezi miwili alikuwa akitoka na mkoba wake kila asubuhi, aenda kukaa msikitini mpaka jioni, arudi aniulize, "Na wewe darasani vipi?" Akalia. Nami, unga mpaka kwenye viwiko, nikalia naye. Akaniomba neno moja tu: "Nisitiri." Nikamwambia, "Nimekusitiri."

Ndugu zangu, nyinyi mwajua uzito wa neno hilo. Nilipokuwa mwari, somo yangu, yule mama aliyenifunda, alinishika sikio mpaka likawaka moto: aibu ya mumeo isitoke na mdomo wako. Basi sikumwambia mtu. Si mamangu, si dadangu. Tukakubaliana kwamba yeye mwenyewe atamwambia mamake, akipata ujasiri.

Kwetu Jumapili ilikuwa siku ya kupiga simu nyumbani. Wiki kama tatu baadaye akaichukua simu akatoka nayo roshani, akaufunga mlango wa kioo. Nikawa namwona anaongea na mamake, kichwa chini, mkono kifuani. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, mume wangu ni mwanamume, asema ukweli. Niliona fahari. Aliporudi ndani nikamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema nikupe pole."

Lo! Nikatokwa na machozi kwa upole wa mama yule. Nikajua anipa pole kwa mzigo wa mwanawe. Nikaichukua simu, nikamtumia sauti yangu, nayo naikumbuka neno kwa neno: "Nishapoa, mamangu. Ni mitihani tu, hakuna asiyepata. Nishakubali."

Mwaona? Sisi watu wa pwani, shida yoyote ni mtihani. Ukifiwa, mtihani. Mvua ikivuja darini, mtihani. Sikuwazia kamwe kwamba pana mtu atakayelisikia neno lile kwa maana yake ya darasani.

Nikamaliza masomo yangu. Miezi ile ya mwisho alinipikia, nisiseme uongo, hata chapati alijifunza, ingawa ilikuwa ngumu kama soli. Nikapewa cheti changu. Tulipokuwa twafunga mizigo akaniambia, "Cheti usikitoe mbele ya Mama, ataumia akikiona chako na changu hakuna." Nikaona ni kweli. Nikakilaza ndani ya sanduku, chini kabisa, juu yake nikapanga nguo. Nilikifukia kwa mikono yangu miwili.

Tukarudi Mombasa, tukafikia kwa mkwe. Wanawake wakaja kunikaribisha, na kila aingiaye, pole. "Pole mwanangu." "Nishapoa." "Pole sana, bibi." "Nishapoa, mamangu." Nikajua ni pole ya safari. Mmoja akaongeza, "Si kila mtu kajaaliwa kichwa cha masomo." Nikadhani amsema mume wangu, nikainamisha macho nimfichie aibu yake. Mwingine akasema, "Mume huyu mshike, wanaume kama hawa hawako tena." Nikatabasamu. Jamani, nilikuwa nikipigwa huku natabasamu!

Kabla hatujasafiri, mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana, huko upande wa Makupa, alikuwa ameniahidi nafasi ya kufundisha nikirudi. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu. Sikusoma ili nining'inize karatasi ukutani, nilisoma nikafundishe watoto wa kwetu. Wiki ya pili nikavaa buibui langu jipya, nikaenda. Akanikaribisha, akanishika mkono, akasema, "Pole, mwanangu."

"Nishapoa, Mwalimu."

"Nafasi ile nimempa mwingine. Nahitaji mtu aliyemaliza."

"Aliyemaliza nini?"

"Masomo, mwanangu."

"Mimi nimemaliza."

Akaniachia mkono. Akasema kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa: "Usijitaabishe. Mkweo ametueleza. Ulianguka mitihani, ukaugua kwa fikra, na mumeo akaiacha shahada yake ukingoni ili akurudishe nyumbani. Na wewe mwenyewe tumekusikia. Alitusikizisha sauti yako."

Sauti yangu! Nishapoa, mamangu. Ni mitihani tu. Nishakubali. Ilikuwa imepita simu hadi simu mtaa mzima, na kila aliyeisikia alinionea huruma.

Nilitoka pale nikatembea kwa miguu kutoka Makupa mpaka Mji wa Kale, jua la saa saba, tuktuk zanipigia honi nami sisikii. Nilikuwa nahesabu wale wote niliowajibu nishapoa. Kumbe kila nilipofungua mdomo nilikuwa natia sahihi.

Nilimkuta chumbani akipiga shati pasi. Nikamuuliza, "Ulimwambia nini mamako siku ile roshani?" Akaangusha macho, kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo lanichoma. "Si ulisema utanisitiri?"

"Nilisema nitakusitiri. Sikusema nitakuvalia aibu yako!"

"Wewe ni mwanamke," akasema. "Kwako halina uzito. Mimi nitakaa vipi barazani na wenzangu? Nivumilie mwaka mmoja tu, watu watasahau."

Sikumpigia kelele. Afadhali ningempigia. Niliingia kitandani na sikutoka, siku ishirini na zaidi. Chakula kikawa hakipiti. Watu wakaja kunitazama, na wakaniambia nini? Pole. Nami nimelala vile, nimekonda, si ndio nikazidi kuwathibitishia kwamba masomo yamenishinda na akili imenitoka? Ikafika siku nikajiuliza: labda nilianguka kweli. Wallahi. Nilishuka kitandani, nikafungua sanduku, nikatia mkono chini ya nguo, nikakipapasa cheti kuhakikisha kipo.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa somo yangu. Msimfikirie ajuza wa hekima, yule ni fundi wa kupinda leso, mkali kama pilipili mbuzi, wenye maduka wa Biashara Street wamletea majora naye akata na kupinda. Nikalia nikamweleza yote. Hata cherehani hakuisimamisha. Akaniambia, "Sogea, wanizibia mwanga."

Nikasogea. Nikasema, "Si wewe uliyenifunda nimsitiri?"

Hapo akasimamisha. Akatoa pini kinywani. "Nilikufunda usitoe aibu yake nje. Nani aliyekwambia uivae?" Akainyanyua leso aliyokuwa akiikata. "Hii ni doti. Vipande viwili, chako na chake. Huyo amejifunika vyote viwili, nawe wasema unamsitiri!"

"Basi nifanyeje? Nikisema ukweli nimevunja ahadi."

"Nani kakwambia useme? Uliza. Mtu akikupa pole, muulize: pole ya nini? Haya, nipishe, nina kazi."

Hiyo ndiyo dawa niliyopewa, mama zangu. Maneno matatu. Nilikwenda nayo nyumbani nikiyarudia njiani kama mtoto aliyetumwa dukani.

Ijumaa ile, baada ya swala, tuliketi sote kwa mkwe kwenye sinia la biriani. Alikuwako shangazi yake mume wangu, ametoka Lamu, mara yake ya kwanza kuniona tangu turudi. Akanigusa goti. "Pole, mwanangu. Habari zako tulizipata."

Nikasema, "Pole ya nini, shangazi?"

Kila mkono ulisimama juu ya sinia. Shangazi wa watu akababaika. "Ya... ya hiyo mitihani."

"Mitihani ipi?"

"Mwanangu, wacha," mkwe wangu akasema taratibu. "Hayo yameshapita."

"Mama, mimi sisemi neno. Nauliza tu." Nikainuka, nikanawa mkono, nikaenda chumbani. Nilifungua sanduku, nikazitupa nguo zote sakafuni, nikarudi na cheti, nikakiweka mapajani mwa mkwe wangu. "Hiki ni changu. Chake muulize mwenyewe."

Mama yule husoma polepole. Akapitisha kidole juu ya jina langu, herufi kwa herufi, mara mbili. Kisha akamtazama mwanawe. "Ni kweli?"

Na mume wangu, niliyemlilia mikono imejaa unga, alisema nini? Alisema, "Mama, chakula chapoa."

Mamake akamjibu, "Nacho kipoe."

Hakuna aliyekula. Mume wangu aliinuka akatoka, viatu mkononi. Mimi jioni ile nikarudi kwa mamangu.

Sasa nataka niwaambie kuhusu mama yule, kwa sababu shukrani yangu ya kwanza ni yake. Ana magoti mabovu, ngazi zamtesa. Kesho yake alivaa buibui akaanza kuzunguka, nyumba kwa nyumba, kila alikoisikizisha sauti yangu. Hakutuma mtu, na simu hakupiga. Alipanda kila ngazi, akaketi, akasema: "Mkamwana wangu amefaulu. Nilielewa vibaya." Hakusema mwanangu amenidanganya. Alisema nilielewa vibaya. Huyo, ndugu zangu, ndiye ajuaye kusitiri: aliirudisha heshima yangu bila kumvua mwanawe hadharani. Alipofika kule shuleni Makupa, mwalimu mkuu alinipigia mwenyewe, na muhula uliofuata nikaingia darasani. Namshukuru somo yangu na ulimi wake. Nawashukuru nyinyi, mlioniacha nikakaa hapa vikao vitatu bila kuniuliza kitu.

Na mume? Najua ndilo mlilongojea, nawaona mlivyonyoosha shingo. Hatujaachana, hatujapatana. Hunipigia simu aniombe radhi, nami nasikia kwamba ajuta. Lakini alinisingizia kwa sauti, radhi aniomba kwa kunong'ona. Nimemwambia aje aketi mbele ya mamangu na mamake, aseme sentensi moja tu: mimi ndiye niliyeanguka. Kuanguka mtihani si dhambi, ningemchukua na kuanguka kwake maisha. Bado hajaja. Na nyinyi dada zangu, msitirini mtu, lakini mkipewa pole msizoziomba, msizipokee kwa adabu tu. Ulizeni ni ya nini.

Dada wa mlangoni, uko wapi? Ewaa. Pole yako ya jua, hiyo nishapoa, ahsante. Ile nyingine, ambayo sasa nyote mwataka kunipa, msione nakosa adabu. Sijapoa. Lakini napoa.